Safari Yangu ya Bagamoyo

Sisi tuliozaliwa bara tuna mazoea ya kuihesabu pwani kuwa nchi ya wengine. Tunaisikia kwenye taarabu redioni, tunaionja kwenye ng'onda wanaoletwa gulioni, na tunao watoto wetu waliokwenda huko kutafuta kazi. Lakini historia yake tunawaachia wenyewe. Mkoa wetu wa Singida hauna bahari. Tuna maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, ambayo mji wa Singida umekaa kando yake, na mawimbi yake ni yale yanayoletwa na upepo wa kiangazi. Zaidi ya hapo tuna mawe, alizeti, asali, kuku na jua. Mtu wa kwetu akiaga kwamba anakwenda pwani kujifunza habari za kwao, watu watamcheka.

Hata hivyo ndivyo ilivyonitokea mimi, tena bila kukusudia. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alipata kazi ya upishi katika hoteli moja ya ufukweni mjini Bagamoyo. Kila alipopiga simu hakukosa kusema, "Mjomba, njoo uione bahari kabla miguu haijakataa." Nilipostaafu ualimu kisingizio kikaniishia. Nikapanda basi Manyoni alfajiri. Tukateremka ukingo wa Bonde la Ufa, tukavuka mbuga za Bahi, tukapita Dodoma na Morogoro, na alasiri nikashuka Chalinze. Hapo gari dogo likanifikisha Msata, na jingine likanishusha Bagamoyo giza linaingia. Safari nzima ilichukua siku moja. Iweke akilini siku hiyo moja, ndugu msomaji, maana tutaihitaji mbele.

Bagamoyo ni mji mdogo, yapata kilomita 70 kaskazini ya Dar es Salaam. Siku za kazi ni mji mtulivu. Wavuvi hurudi na ngalawa asubuhi, samaki hunadiwa pale pale mchangani, na akina mama hukaanga pweza na kibua kwenye masufuria makubwa meusi. Jioni husikika ngoma kutoka kwenye chuo cha sanaa, kile kilichofunguliwa mwaka 1981 na ambacho tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Jumamosi na Jumapili mji hubadilika. Magari hufurika kutoka Dar es Salaam, familia hujaa ufukweni, vijana hupigana picha, na mpwa wangu hasimami wala haketi jikoni kwake mpaka usiku wa manane. Basi nilichagua siku za katikati ya wiki, akiwa na nafasi, na tukatembea pamoja kwa miguu.

Siku ya kwanza alinipeleka Kaole, mwendo wa kilomita kama tano kusini ya mji. Pale yapo magofu ya misikiti miwili na makaburi yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe, mengine yakiwa na nguzo ndefu vichwani. Msikiti wa zamani zaidi unakadiriwa kuwa wa karne ya kumi na tatu. Maana yake ni kwamba watu wa mahali pale walikuwa wakitawadha, wakiswali na kuzikana kwa heshima miaka mia sita kabla Mzungu yeyote hajaja kuandika kwamba amezuru huko. Baadaye bahari ikajaza mikoko na tope, bandari ikafifia, na shughuli zikahamia pale mji ulipo leo.

Lakini kilichoikuza Bagamoyo ni bara. Jambo hili nilikuwa nimelisoma na kulifundisha darasani kwa mistari mitatu minne, ila kulisoma ni kitu kimoja na kusimama mahali penyewe ni kitu kingine. Katika karne ya kumi na tisa watu wa Ulaya na Marekani walizitaka sana pembe za ndovu, wapate kutengeneza vibao vya piano, vitana na mipira ya kuchezea mezani. Pembe zilikuwa bara, meli zilikuwa Unguja, na katikati hapakuwa na gari wala mnyama wa mizigo awezaye kustahimili mbung'o. Palikuwa na bega la mwanadamu tu. Bagamoyo, inayotazamana na Unguja ng'ambo ya mkondo, ikawa mlango. Njia ilitoka hapo hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, yapata kilomita 1,200. Kwenda ilibeba vitambaa vya merikani na kaniki, ushanga, nyaya za shaba na bunduki. Kurudi ilibeba pembe, na pamoja na pembe, watu.

Mpagazi mmoja alibeba frasila mbili au karibu yake, yaani kilo 30 na ushei, bila kuhesabu mkeka wake, sufuria yake na chakula chake. Waingereza Burton na Speke waliondoka karibu na Kaole mwishoni mwa mwezi Juni 1857, nao wakafika Tabora tarehe 7 Novemba. Hiyo ni zaidi ya miezi minne. Sasa ikumbuke ile siku yangu moja ya basi.

Kule mjini kijana mmoja anayeongoza wageni alituchukua kutuonyesha majengo ya zamani: ngome iliyojengwa karibu na mwaka 1860, Boma la Wajerumani la mwaka 1897, milango ya nakshi, na mahali ilipokuwa kambi ya misafara. Alipoona mvi zangu akaninong'oneza, "Mzee wangu, wewe nitakueleza taratibu, siyo kama watalii. Shikamoo, unatoka wapi?"

"Marahaba. Natoka Singida, upande wa Manyoni."

"Manyoni ipi? Yenye Kilimatinde?"

Nikastaajabu. Kilimatinde ni kwetu hasa, kijiji kilicho juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, ambako wazazi wangu wamezikwa. Sikutegemea kijana wa Bagamoyo, aliyezaliwa juzi, ayajue hata matamshi yake. Akacheka, akahesabu kwa vidole: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara, Ujiji. "Hivyo ndivyo vituo sita," akasema. "Mwaka 2006 serikali iliviweka pamoja kwenye orodha ya awali iliyopelekwa UNESCO, viombewe kuwa urithi wa dunia. Wewe si mgeni hapa, mzee. Wewe umetoka kituo cha nne umekuja kituo cha kwanza."

Maneno yale yalinikaa. Kwetu kila mtu anajua kwamba zamani njia ya misafara ilipita. Baada ya mbuga za Ugogo, wasafiri walipanda ule ukingo kwa taabu, na mbele yao walikuta pori kubwa lisilo na maji lililoitwa Mgunda Mkali. Mgunda ni shamba. Na ukali wake aujuaye ni aliyepita vichaka vya Itigi mwezi wa Oktoba, ambako miiba imefungamana hata mbuzi huchagua pa kupita. Misafara iliogopa Mgunda Mkali. Wengi walitoroka kabla ya kuingia, wengine waliachwa njiani kwa maradhi na kiu. Wakimbu ndio waliothubutu kulifyeka, wakachimba visima na kulima, hata msafiri akaanza kupata pa kununua unga.

Wala watu wetu hawakuwa watazamaji tu. Watemi wa Ugogo walitoza hongo kwa kila msafara, nayo ililipwa kwa doti za nguo, mikono minane kila doti, baada ya mabishano ya siku kadhaa. Wazungu wamejaza kurasa nyingi kulalamikia hongo hiyo. Mimi siwaonei huruma sana. Maji ya kisima wakati wa kiangazi yana wenyewe, na msafara wa watu mia tano hukimaliza kisima kwa siku mbili. Lakini kwa haki hiyo hiyo ni lazima niseme upande wa pili: kitambaa kile kilinunua mtama na mbuzi, na wakati mwingine, miaka ya njaa au ya vita, kilinunua mtu.

Yule kijana akatufikisha kwenye jina la mji. "Bwaga moyo," akasema. Wapo wanaoeleza kwamba hiki ni kilio cha mtumwa: amefika mwisho wa nchi kavu, mbele yake ni jahazi la kumvusha Unguja, basi na auangushe moyo wake hapa, maana kwao hataiona tena. Na wapo wanaoeleza kwamba ni furaha ya mpagazi, na wanahistoria wengi huelekea huku: ametembea miezi mitatu na pembe begani, sasa ananusa bahari, mzigo uwe chini, moyo utulie, kesho ni kulipwa na kununua kanga ya mke na kucheza ngoma. Wapagazi wengi walikuwa watu huru, hasa Wanyamwezi na Wasukuma, waliofanya kazi kwa ujira. Na ilifika wakati kijana wa Unyamwezi asiyepata kwenda pwani alihesabiwa bado mtoto.

Mimi niliyafurahia maelezo yale kama mwalimu. Mpwa wangu alinyamaza. Tulipobaki wawili tumekaa juu ya ngalawa iliyopinduliwa, maji yakitoka, akaniuliza bila kunitazama: "Mjomba, yule bibi yetu wa Kilimatinde alikuwa mtumwa?"

Hapa sina budi kueleza jambo la nyumbani. Mama mzaa babu yangu hakuzaliwa Kilimatinde. Aliachwa na msafara akiwa msichana, mgonjwa hawezi kutembea, na mama mmoja wa pale akamwokota, akamlisha uji mpaka akapona. Akakua, akaolewa, akazaa. Jina alilokuja nalo halikubaki, lilibaki lile alilopewa kwetu. Ukoo wetu umekaa pale miaka zaidi ya mia moja, lakini kwenye vikao vikubwa vya mirathi na mashamba hakukosekana mzee wa kukumbusha, kwa mafumbo, kwamba wengine hapa ni wa kuja. Baba yangu alipofumbiwa hivyo hakujibu. Alichukua bakora yake akaondoka, na nyumbani hakuna aliyethubutu kuuliza. Kumbe na watoto wa dada yangu, waliozaliwa miaka ya themanini, walikuwa wamefumbiwa vile vile.

Jibu la kumfurahisha nilikuwa nalo mkononi, nimekwisha kupewa na kijana wa majengo. Misafara haikuwa ya wanaume watupu. Wanawake wengi wa Kinyamwezi walifuatana na waume zao, wakibeba vyombo, wakipika, wakiuza pombe na unga kambini, na watoto wao wakitembea nao. Ningeweza kumwambia: bibi yetu alikuwa binti wa mpagazi huru, aliugua, wazazi wakamwacha kwa watu wema wakitumaini kumpitia wakati wa kurudi. Inawezekana kabisa. Lakini inawezekana pia kwamba shingoni alikuwa na alama ya kamba, na aliyemwacha hakumwacha kwa huzuni bali kwa hesabu, kwa kuwa mgonjwa hauziki. Nikamweleza mpwa wangu yote mawili. Akauliza, "Sasa tushike lipi?" Nikamwambia kesho twende misheni, halafu tutazungumza.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868. Walianzisha makazi ya watu waliokombolewa utumwani, kwa kununuliwa au kwa kunyang'anywa majahazini, na watoto wao wakasomeshwa, wakafundishwa useremala, uashi na kilimo. Njia ya kufika pale imepangwa miembe mikubwa, na uwanjani upo mbuyu ambao wanasema ulipandwa siku za mwanzo. Mnyororo wa kufungia punda uliosahauliwa shinani umemezwa na mti hata inaonekana pingili chache tu. Hapo ndipo mwili wa David Livingstone ulipopumzishwa mwezi Februari 1874. Alikufa katika nchi ambayo leo ni Zambia tarehe 1 Mei 1873, na watu wake, Chuma na Susi na wenzao, waliukausha mwili na kuubeba kwa miezi tisa mpaka pwani. Alizikwa London, katika kanisa la Westminster, mwezi Aprili 1874. Chuma na Susi walifika Uingereza mazishi yamekwisha.

Mwaka ule ule wa 1873, mwezi wa Juni, Sultani Barghash aliwekeana mkataba na Waingereza, soko la watumwa la Unguja likafungwa na kuwavusha watu baharini kukapigwa marufuku. Biashara haikufa siku hiyo. Iliendelea kwa kificho, na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka mwaka 1922, katika enzi ya Waingereza. Nikamwonyesha mpwa wangu mwaka huo. Mwaka 1922 babu yangu, mtoto wa yule bibi, alikuwa kijana anayechunga ng'ombe. Mambo haya yapo karibu kuliko tunavyoyaweka.

Tukatembea makaburini bila kusema sana. Kisha nikampa jibu langu, nami nalirudia hapa kwa ajili ya wengine wenye bibi kama wetu. Nikamwambia: "Baba, mtumwa si kabila wala si ukoo. Ni tendo alilotendewa mtu. Kama bibi alitendewa, aibu ni ya waliotenda. Kama hakutendewa, bado aliachwa njiani akaishi. Kwa vyovyote wewe ni mtoto wa mtu aliyeokotwa na mtu aliyeokota, maana yule mama wa Kilimatinde naye ni bibi yetu." Akafikiri kidogo, akasema, "Basi jina la mji huu lina maana zote mbili." Nikamwambia ndivyo nionavyo. Njia ile ile, siku ile ile, mmoja alibwaga moyo kwa raha na mwenzake kwa uchungu, na pengine walikuwa wamefungamana katika msafara mmoja.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1888 Kampuni ya Wajerumani ilipotaka kujitwalia forodha za pwani, Abushiri bin Salim na wenzake waliinuka, na Bagamoyo ikapigwa kwa mizinga na kuchomwa. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Wajerumani waliifanya Bagamoyo makao yao, kisha mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam, kwenye bandari ya kina kirefu. Mwaka 1905 wakaanza kujenga reli kutoka huko. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914. Garimoshi lilibeba kwa siku chache kilichowachukua mamia ya wapagazi miezi mitatu. Bagamoyo ikaachwa pembeni, nyumba zake za mawe zikaanza kuota magugu.

Nami nilipofika hapo nikaiona Kilimatinde. Wajerumani waliweka pale kituo cha utawala, juu ya ukingo, kwa kuwa njia ilipita pale. Reli ilipojengwa ikapita Saranda na Manyoni. Manyoni ikawa mji, Kilimatinde ikabaki kijiji chenye hospitali ya misheni na majengo ya kale. Chuma kile kile kilichoizimisha Bagamoyo ndicho kilichoizimisha kwetu. Tofauti ni kwamba Bagamoyo ina bahari, na bahari imewaletea wageni, na wageni wamewafanya wenyeji waikumbuke historia yao, hata kama wakati mwingine inasimuliwa kwa haraka kabla chakula cha mchana hakijapoa. Sisi hatuna bahari. Hatuna mtalii wa kutuuliza, kwa hiyo tumeacha kuulizana.

Wengi wenu mnaosoma haya mmezaliwa kando ya njia hii au ya nyingine kama hii, nanyi mnao wazee. Wako waliosikia kwa masikio yao kutoka kwa waliouona msafara, na kila mwaka tunawazika wawili watatu. Waulizeni kisima cha misafara kilikuwa wapi, kambi ilipigwa chini ya mti gani, nani aliachwa na nani alimpokea. Msiwakatize wakifika mahali pa uchungu. Mimi nimenunua daftari kubwa. Ukurasa wa kwanza nimeandika jina la bibi yetu, lile alilopewa Kilimatinde, na chini yake nimeacha mstari mtupu kwa ajili ya lile alilokuja nalo. Mpwa wangu amepiga picha ukurasa huo kwa simu yake, na ananiambia ameuonyesha kwa yule kijana anayeongoza wageni, ili siku nyingine akihesabu vituo kwa vidole, afikapo kidole cha nne awe na mtu wa kumtaja.